Chachu ya pombe na siri ya kipindupindu cha Bwera

Februari 2015, kipindupindu kilianza katika gombolola ya Bwera, wilayani Kasese, jirani kabisa na mpaka wa Uganda na Congo. Wagonjwa wa kwanza walikuwa watu wa biashara ya kuvuka mpaka. Kutoka hapo ugonjwa ulisambaa kuelekea mashariki, na hadi Julai ulikuwa umeingia vijiji 80. Watu 183 walishukiwa kuugua, 61 kati yao wakathibitishwa na maabara. Wawili walifariki.

Anayeugua kipindupindu huishiwa maji mwilini kwa sababu swichi moja ndogo ndani ya utumbo wake imekwama. Swichi ya ukoo huohuo imechunguzwa kwa miaka mingi na wanasayansi wa Japani, Ulaya na Marekani, tena ndani ya kiumbe chenye jina la Kiswahili.

Kiumbe hicho ni chachu. Mwaka 1893, Mjerumani Paul Lindner aliitenga kutoka katika pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki, akaiita Schizosaccharomyces pombe. Jina la kwanza linaeleza tabia yake ya kujigawa katikati. La pili ni neno letu, halikubadilishwa hata herufi. Chachu hii ndiyo iliyomsaidia Mwingereza Paul Nurse kugundua jinsi seli zinavyoamua kugawanyika, kazi iliyompa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2001.

Miongoni mwa jeni zake iko moja iitwayo cyr1, ambayo hutengeneza kimeng'enya cha adenileti saiklesi. Kazi ya kimeng'enya hiki ni kupeleka habari za chakula. Sukari ikiwa tele nje ya seli, protini iitwayo Gpa2 hukiamsha, nacho hutengeneza kemikali ya saikliki AMP. Hiyo ndiyo tarishi: huiambia seli kwamba shamba limejaa, iendelee kukua na kugawanyika. Sukari ikipungua, tarishi naye hupungua. Seli huacha kugawanyika, huungana mbili mbili na kutengeneza viini vigumu vinavyoweza kusubiri mpaka chakula kirudi.

Mwaka 1990 watafiti nchini Japani waliripoti kwamba chachu iliyoondolewa jeni hiyo haifi. Lakini hukua polepole, na huanza kuungana na kutengeneza viini hata ikiwa imezungukwa na chakula. Imeshiba, lakini inaishi kama yenye njaa, kwa kuwa habari za shibe haziifikii.

Seli za utumbo wa binadamu nazo zina kimeng'enya cha jamii hiyo, na protini ya kukiamsha. Kwa kawaida protini hiyo huwaka kwa muda mfupi, kisha hujizima. Sumu ya bakteria wa kipindupindu huing'ang'ania isiweze kuzimika. Saikliki AMP hujaa kupita kiasi, seli humwaga chumvi ndani ya utumbo, na maji huifuata chumvi. Hali ikiwa mbaya, mtu mzima anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Chachu iliyonyimwa jeni haipati habari. Utumbo wenye sumu hupata habari ya uongo isiyokoma.

Hata hivyo, sumu hiyo haifungi kila mlango. Njia inayoingiza sukari na chumvi kwa pamoja kutoka utumboni hadi mwilini hubaki wazi, na zinapopita, maji hupita nazo. Ndiyo maana ORS inaokoa maisha. Pakiti ikikosekana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari visivyo na kilele, na nusu kijiko cha chumvi. Mgonjwa aanze kunywa akiwa njiani kwenda hospitali, kwani aliyezidiwa anahitaji dripu haraka. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Haya yanazoleka, mradi tusichelewe.

Kinga nayo ilionekana wazi Kasese mwaka ule. Wachunguzi walilinganisha wagonjwa 49 na watu 201 ambao hawakuugua. Kati ya wagonjwa, 46 walikuwa wakinywa maji yasiyochemshwa wala kutiwa dawa. Kati ya wasiougua, 160. Hakuna chakula kilichobainika kuwa chanzo. Maji ya mabomba ya umma na ya vijito yalikutwa na vijidudu vya kinyesi, na kando ya vijito watu walikuwa wakijisaidia ovyo. Walioathirika zaidi walikuwa watoto wa miaka 5 hadi 14.

Congo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini Wakonzo wa Bwera na Wanande wa ng'ambo walikuwa ndugu kabla ya mipaka kuchorwa. Wanauziana na kuzikana, na ugonjwa hupita njia hizohizo. Kwa hiyo tangazo la kuchemsha maji likitolewa Bwera, lisikike Kasindi siku ileile, kwa Kiswahili ambacho soko lote linakielewa. Vyoo na mabomba salama navyo vijengwe pande zote mbili, maana upande mmoja ukiachwa, mwingine hauponi.