Kabla ya Kupandisha Banda la Uwani

Mwaka jana mama mmoja wa mtaani kwetu, mjane, alitoa pesa zake za chama akanunua mawe, mchanga na saruji. Nia yake ilikuwa kujenga vyumba viwili na choo huko uwani, avipangishe, na kodi imsaidie kumsomesha mtoto wa mwisho. Fundi akaanza kazi. Wiki ya tatu, ukuta ulipofika kwenye linta, wakaja maafisa wa kaunti, wakapiga X ya rangi nyekundu ukutani na kumwachia notisi. Kijana wake aliwauliza swali moja tu: "Kwani uwani si kwetu?"

Swali hilo nimelisikia Likoni, nimelisikia Kisauni, na sina shaka linaulizwa Malindi na Lamu pia. Si swali la ujinga. Sisi watu wa Pwani tumekulia uwani. Jiko liko uwani, kisima kiko uwani, harusi hupikwa uwani, na mtoto wa kiume akioa huongezewa chumba uwani. Leo basi tulijibu swali la kijana huyo, kwa sababu asiyejua jibu hulilipa kwa mawe yake mwenyewe.

Uwani ni wako, matumizi yana masharti

Katiba ya 2010 inalinda mali ya mtu katika kifungu cha 40. Lakini kifungu cha 66 kinaipa dola uwezo wa kusimamia namna ardhi inavyotumika, kwa ajili ya usalama, afya ya umma na mipango. Kazi ya mipango ya kila siku imewekwa mikononi mwa serikali za kaunti.

Sheria kuu hapa ni ile ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Inasema mtu haruhusiwi kuanza uendelezaji wa ardhi bila idhini ya kaunti. Na neno "uendelezaji" lina maana pana: kufanya kazi yoyote ya ujenzi juu ya ardhi, au kubadilisha kwa kiasi cha maana matumizi ya jengo lililopo. Kwa hiyo chumba cha mfanyakazi, maarufu kama SQ, kimo. Jiko la nje la mawe limo. Gereji imo. Hata ule mtindo wetu wa kutoboa ukuta wa mbele na kuufanya duka umo, kwa sababu makazi yamegeuka biashara.

Adhabu si ya mzaha. Anayeanza kujenga bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Juu ya hayo, ataamriwa kuirudisha ardhi katika hali yake ya mwanzo ndani ya siku 90. Yaani utavunja kwa gharama yako kile ulichokijenga kwa gharama yako.

Afisa anatazama nini?

Mji hugawanywa kwa kanda. Kuna kanda za makazi, za biashara, za viwanda na za matumizi mchanganyiko. Ndani ya makazi kwenyewe kuna mitaa ya nyumba chache zenye nafasi kubwa, na mitaa ya nyumba nyingi zilizobanana. Ukipeleka mchoro wa banda lako, afisa wa mipango hujiuliza mambo haya.

Kwanza, matumizi. Jengo hili linaitumikia nyumba kubwa, au ni nyumba nyingine? Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Chumba kimoja cha mfanyakazi kilichofungamana na nyumba yako ni jambo moja. Vyumba vinne vya kupangisha, kila kimoja na mlango wake, ni jambo lingine kabisa. Umeongeza familia nne juu ya maji yaleyale, choo kilekile na njia ileile. Huenda ukatakiwa kuomba kubadilisha matumizi ya kiwanja, na ombi la aina hiyo hutangazwa hadharani ili majirani watoe maoni yao.

Pili, kiwanja kimefunikwa kiasi gani. Kila kanda ina kiwango cha sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kuwa chini ya paa. Ikiwa nyumba kubwa imeshamaliza kiwango hicho, banda halina nafasi hata kama macho yako yanaona nafasi.

Tatu, umbali kutoka mpakani na barabarani. Nne, urefu wa jengo. Tano, uchafu na maji ya mvua yatakwenda wapi.

Vipimo vyenyewe hutofautiana kati ya kaunti na kaunti, na kati ya kanda na kanda. Usichukue vipimo vya shemeji yako wa Nyali ukavipeleka Mtwapa. Nenda ofisi ya mipango ya kaunti yako, toa nambari ya kiwanja, uulize kiwanja hicho kiko kanda gani na masharti yake ni yapi. Soma pia hati yako. Viwanja vingi vya kukodishwa na serikali vina masharti maalumu yaliyoandikwa kwenye hati yenyewe, na mengine husema wazi kwamba pajengwe nyumba moja ya kuishi pamoja na vibanda vyake tu.

Kwa nini wasituache tu?

Wengi huona masharti haya kama njia ya kaunti kutafuta pesa. Sitawatetea maafisa, lakini tuitazame ardhi yetu. Sehemu kubwa ya ukanda wa bahari imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mwamba huo una vitundu na nyufa, na maji hupita. Ukichimba shimo la choo upande wako, na jirani ana kisima upande wake, ukuta ulio kati yenu huzuia macho tu. Chini kwa chini mnagawana. Maji ya bomba tunayajua yalivyo, ndiyo maana visima bado vinatumika kila siku. Nani basi atakayelaumiwa mtoto wa jirani akiharisha?

Fikiria pia moto. Jiko la kuni lililoezekwa makuti na kugusana na banda la jirani lililoezekwa makuti ni msiba unaongoja upepo wa kusi. Gari la zimamoto nalo litapita wapi ikiwa kila mtu amekula kipande cha njia?

Halafu kuna stara. Wazee wetu waliojenga nyumba za mawe hawakuwa na ofisi ya mipango, lakini walijua dirisha lisikabili uwani kwa mwenzio ambako wanawake wanaoga na kupika. Mafunzo ya dini yetu kuhusu kutomdhuru jirani sote tumeyasikia kwenye mawaidha. Dirisha la SQ linalochungulia bafuni kwa watu ni madhara, hata kama lina muhuri wa kaunti.

Hatua za kufuata

Kanuni za ujenzi nazo zimebadilika. Zile za 1968 zimeondoka, na Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024 zilianza kutumika Machi 2025. Fundi anayekwambia "tumejenga hivi miaka yote" anakupa historia.

Kwa kawaida utahitaji nakala ya hati ya ardhi na utafutaji wa karibuni kutoka ofisi ya ardhi, stakabadhi kwamba huna deni la reti, na michoro iliyopigwa muhuri na msanifu majengo aliyesajiliwa. Jengo likiwa na zege na ghorofa, na mhandisi pia. Unajaza fomu, unalipa ada, unakabidhi. Baadhi ya kaunti hupokea maombi kwa mtandao. Kabla ya kazi kuanza, mradi husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, na wakaguzi wa kaunti huja kwa awamu, tangu msingi hadi mwisho.

Weka kila risiti na kila barua, hasa ile inayoonyesha siku uliyokabidhi ombi. Sababu ni hii: sheria ya 2019 inasema usipopewa jibu la maandishi ndani ya siku 60, idhini huchukuliwa kuwa imetolewa. Watu wachache wanaijua haki hii. Lakini bila ushahidi wa tarehe, ni haki ya kusimulia barazani tu.

Nyumba ya mirathi na nyumba bila ardhi

Hapa ndipo penye mzigo mzito kwetu. Baba amefariki, hati bado iko kwa jina lake, na hakuna aliyekwenda kwa kadhi. Kaka mkubwa anajenga kona hii, wa pili anajenga kona ile. Baada ya miaka kumi uwani umekwisha, na dada walioolewa Tanga au Lamu wakirudi hawana hata pa kutandika mkeka. Sehemu zao Mwenyezi Mungu amezitaja katika Suratun Nisaa, lakini zimejengewa juu.

Kaunti itauliza: mwenye ardhi ni nani? Marehemu hawezi kutia saini. Maliza mirathi kwanza. Mahakama ya Kadhi ina mamlaka juu ya urithi wa Waislamu wanaokubali kwenda mbele yake, na hukumu yake ndiyo itakayofungua njia ya kubadilisha majina katika ofisi ya ardhi. Mkikubaliana kujenga kabla ya kugawana, basi iwe kwa maandishi, na dada watie saini kwa ridhaa yao.

Jambo la pili ni nyumba bila ardhi, ambazo Mombasa tunazo nyingi. Nyumba ni yako, ardhi ni ya mwingine, na wewe unalipa kodi ya ardhi kila mwezi. Ukitaka kuongeza chumba uwani, maneno ya mdomo hayatoshi. Pata ridhaa ya mwenye ardhi kwa maandishi kabla ya kwenda kaunti. Bila ridhaa hiyo unaweza kugombana na wawili kwa mara moja, kaunti na mwenye ardhi, na kila jiwe uliloongeza litakuwa hoja dhidi yako.

Wakazi wa miji ya kale wana mlango mmoja zaidi wa kubisha. Mji wa Kale wa Lamu, ulio katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na Mji wa Kale wa Mombasa ni maeneo ya uhifadhi. Huko, Makumbusho ya Taifa lazima ihusishwe kupitia ofisi zake za uhifadhi. Rangi, mlango, roshani, chumba juu ya paa, vyote vina masharti yake.

Notisi ikikufikia

Usiipasue na usijifiche. Isome tarehe yake. Una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya upatanisho ya mipango ya kaunti, na usiporidhika na uamuzi wake unaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 pia ndizo za kukata rufaa ikiwa ombi lako limekataliwa. Simamisha kazi wakati huo. Anayeendelea kujenga usiku kwa taa ya simu anajiharibia kesi yake. Na anayekwambia "leta kitu kidogo nitaimaliza" hakupi idhini. Kesho atakuja mwingine, na X itarudi palepale.

Neno langu kwa kaunti

Raia ana wajibu, na ofisi nazo zina wajibu. Mjane anayejenga vyumba viwili hawezi kulipa msanifu, mhandisi na ada kama tajiri wa ghorofa kumi. Kaunti za Pwani zingeweza kuandaa michoro ya mfano ya mabanda ya uwani, ya chumba kimoja na vyumba viwili, iliyokwisha kupitishwa, mtu akalipa ada ndogo akaichukua. Zingeweza kubandika masharti ya kila kanda kwenye ofisi za wadi, kwa Kiswahili, vipimo vikiwa kwa futi na mita. Kuwaona maafisa kwa mara ya kwanza siku ya X ni dalili kwamba ofisi imechelewa pia.

Yule mama alikata rufaa. Aliruhusiwa kuleta michoro, kwa sharti ukuta wa nyuma urudi ndani, kwa sababu ulikuwa umekalia mfereji wa maji ya mvua na dirisha lake lilikabili bafu la jirani. Vyumba viwili vimekuwa kimoja na nusu. Pesa za chama bado anazilipa. Aliniambia kinachomuuma zaidi ni kwamba jirani yule angemwambia mapema, lau angekwenda kumuuliza.

Basi kabla ya lori la mawe kufika, bisha hodi mara mbili: kwa jirani, kisha kwa kaunti.