Sauti ya Nyumbani

Katika miaka ya 1950, hospitali za akili za London zilianza kufungua milango. Dawa mpya zilikuwa zimewatuliza wagonjwa wa skizofrenia, na wanaume waliokaa wodini miaka mingi wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Mtafiti George Brown na wenzake wakawafuatilia. Walichokiona na kukichapisha mwaka 1958 kilikwenda kinyume na matarajio: waliorudi kwa mke au kwa wazazi walirudishwa hospitalini zaidi kuliko waliokwenda kuishi na kaka au dada, au waliopanga chumba kwa watu baki.

Kuna nini nyumbani? Ili kujua, Brown alikaa na jamaa wa wagonjwa, akawaachia wasimulie maisha yao ya kila siku huku kinasa sauti kikizunguka. Hakuhesabu maneno tu, alisikiliza yalivyotamkwa. “Haamki mpaka saa sita” inaweza kuwa taarifa tu. Ikitoka kwa ukali, inakuwa shutuma. Mambo matatu yalibeba uzito: shutuma, chuki, na kujitosa kupita kiasi, kama mama asiyemwacha kijana wa miaka thelathini hata afunge vifungo vya shati lake mwenyewe.

Mwaka 1972, Brown na wenzake Birley na Wing walitoa matokeo ya wagonjwa 101. Katika miezi tisa baada ya kutoka hospitalini, ugonjwa uliwarudia 58 kati ya kila 100 walioishi katika nyumba zenye mambo hayo. Katika nyumba tulivu, ni 16 tu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Utafiti huu hausemi kwamba familia ndiyo iliyoleta ugonjwa. Shutuma nyingi huzaliwa na uchovu, na dhana kwamba mgonjwa ni mvivu au mkaidi, kwamba angetaka angeweza. Anayeona ugonjwa huona cha kuvumilia, lakini anayeona ukaidi huona cha kukemea.

Mwanaanthropolojia Juli McGruder aliliona hilo Zanzibar, alikozitafiti familia zenye wagonjwa wa skizofrenia. Kwa baadhi ya jamaa, maradhi yalikuwa mtihani wa Mungu, au pepo aliyempanda mtu na ambaye angeweza kushuka. Daktari anaweza kuyakataa maelezo hayo, lakini asipuuze kazi yake ndani ya nyumba: lawama ilimwondokea mgonjwa, na siku alizopata nafuu alirudi kuwa mwana wa watu, bila kusimangwa.

Mzigo wa kuuguza, nao, haukai akilini tu. Mwaka 1995, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Ohio, Marekani, waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiuguza jamaa wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, wakawatoboa kijidonda cha milimita 3.5 kwenye mkono. Vidonda vyao vilichelewa kupona kwa takriban siku tisa kuliko vya wanawake wenzao wasiokuwa na mgonjwa. Msongo wa muda mrefu huvuruga kotisoli, homoni ya dharura, na kinga inayopaswa kuanza kazi ya kufunga kidonda ikazubaa.

Mgonjwa naye hulipa kwa mwili. Wenye magonjwa makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, na wengi huuawa na moyo, kisukari au magonjwa ya mapafu. Sigara imo, dawa zinazonenepesha zimo, na wamo pia matabibu wanaosikia “kifua kinauma” wakadhani ni wazimu unasema.

Tiba iliyotokana na utafiti huu ni nyepesi kuieleza: pamoja na dawa, familia ifundishwe ugonjwa ulivyo, isaidiwe kutatua magomvi madogo, ipate watu wa kupokezana nao zamu. Pale ilipojaribiwa, ugonjwa ulirudi mara chache zaidi. Kwa hiyo, kliniki inayomuuliza mgonjwa kama amemeza vidonge imefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumgeukia dada aliyemleta, aliyeketi pembeni na mkoba mapajani, na kumuuliza: “Na wewe, usiku unalala?”