Mwenyeji Afanye Mazoezi Mwisho

Ngoma zikipigwa chini ya mwembe kule Nabuyoga, wilayani Tororo, wapigaji husimama karibu kiasi cha kugusana viwiko. Wa ngoma kubwa anamsikia wa ngoma ndogo papo hapo. Wapeleke watu haohao kwenye uwanja wa mpira, watawanye ili wageni wa heshima wawaone vizuri, na mambo yanaharibika. Uwanja wa kiwango cha kimataifa kwa kawaida una urefu wa mita 105, nayo sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Pigo la aliye goli la huku linamfikia wa goli la kule baada ya sehemu tatu za kumi za sekunde. Gwaride la mapigo 120 kwa dakika lina nusu sekunde tu kati ya pigo na pigo, kwa hiyo huyu wa pili akifuata sikio lake atakuwa amechelewa zaidi ya nusu ya nafasi hiyo. Hapo hujahesabu mwangwi unaorudi kutoka kwenye zege la jukwaa kuu.

Dawa yake inajulikana: fuata mkono wa kiongozi kwa macho, sikio liache. Lakini macho hayajifunzi hivyo kwa kuambiwa. Lazima msimame palepale, mpotezane, mtafutane, mrudie. Ndiyo maana hata Marekani, kwenye vikundi vikubwa vya ngoma na tarumbeta vyenye mabasi na walimu wa kila chombo, kikundi kinachopata kufanya mazoezi ndani ya uwanja wa mashindano kabla ya siku yenyewe hutazamwa na wenzake kwa jicho la husuda. Fainali zao zimezoeleka kufanyika Indianapolis, ndani ya Lucas Oil Stadium, uwanja wenye paa. Zilipangwa kuanza humo 2008, ujenzi ukachelewa, zikahamishiwa Bloomington, na uwanja mpya ukasubiri hadi 2009.

Kisa hicho cha 2008 kinanivutia kuliko husuda yenyewe, maana kinaonyesha kitu ambacho kamati zetu za mashindano hazipendi kukisema. Katika mpango wa mradi wowote, muda wa kujaribu huandikwa mwisho. Kwanza pesa, halafu mkandarasi, halafu ujenzi, rangi, viti, na chini kabisa ya ukurasa kuna siku mbili tatu za watumiaji kupazoea mahali. Kitu chochote kikichelewa huku juu, siku hizo ndizo zinazoliwa. Zikishaliwa, hasara haigawanywi sawa: anayeishi karibu atapata namna ya kuingia, wa mbali atauona uwanja siku ya kushindana.

Huku kwetu mpakani mwa Uganda na Kenya, kuanzia Busia zote mbili hadi Tororo, hali hiyo haihitaji uwanja wa kimataifa ili ionekane. Mashindano ya shule ya muziki, ngoma na maigizo nchini Uganda hupanda ngazi kutoka chini hadi taifa. Ng'ambo ya mpaka kuna Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, nalo lina ngazi zake. Kila ngazi ina mwenyeji, na mwenyeji ana jukwaa. Ratiba huandikwa na walimu wenye nia njema kabisa: kila kikundi kifike mapema, kipewe dakika zake kumi za kulikagua jukwaa, kisha mashindano yaanze.

Sasa ifuate ratiba hiyo barabarani. Lori linatoka kijijini alfajiri, ngoma zimefunikwa turubai, na usiku kulinyesha. Kikundi kilichopangiwa saa mbili kinaingia saa nne. Ngozi za ngoma zimelegea kwa unyevu na zinatoa sauti ya debe la maji. Mwalimu anawatuma watoto wakatafute majani makavu ili wazikaze kwa moto, mlinzi wa uwanja anakuja mbio, moto hauruhusiwi hapa. Jua nalo limejificha. Wenyeji walikaza ngoma zao jikoni mwa shule tangu jana jioni, wakazijaribu jukwaani, wakagundua kwamba kona moja ya mbao inabonyea na kwamba upande wa kushoto ndio unaopeleka sauti kwa majaji. Wageni wanayagundua hayo wakiwa tayari wanapewa alama.

Hakuna aliyevunja kanuni hapo, na mwenyeji kumwita mwizi ni kumwonea. Amefanya mazoezi nyumbani kwake. Mlitaka akayafanyie wapi? Kosa ni la mpango uliodhani kwamba dakika kumi za ratiba ni dakika kumi kwa kila mtu.

Miradi mikubwa haina tabia tofauti. Bungoma, mwendo mfupi tu kutoka mpakani, iliandaa Madaraka Dei ya 2024 katika uwanja wa Masinde Muliro, Kanduyi, na ukarabati ukageuka mbio za kuiwahi tarehe 1 Juni. Sikukuu haisogezwi, basi kinachobanwa ni vingine vyote. Soka, kwa mara moja, ilifanya kinyume. Mashindano ya CHAN ya Kenya, Tanzania na Uganda yalikuwa yaanze Februari 2025. Katikati ya Januari, CAF ikaona viwanja havijawa tayari na kuyasukuma hadi Agosti. Watu walicheka, magazeti yakauliza maswali. Mimi naona ule ulikuwa uamuzi wa haki kuliko maamuzi mengi ninayoyakumbuka katika michezo ya ukanda huu, kwa sababu ucheleweshaji ulilipwa na kalenda badala ya kulipwa na wageni.

Mtu wa soka atanijibu kwamba uenyeji wenyewe hauna uzito ninaoupa. Ana ushahidi: katika CHAN hiyohiyo wenyeji wote watatu walitolewa robo fainali wakiwa kwao, Kenya na Madagascar kwa penalti pale Kasarani, Tanzania na Morocco Dar es Salaam, Uganda na Senegal pale Namboole. Sawa. Lakini mchezaji ana dakika tisini. Akiteleza dakika ya tano, kufikia ya ishirini ameshaijua nyasi. Tena desturi ya soka humpa mgeni nafasi ya kuukanyaga uwanja siku moja kabla. Kikundi cha ngoma kina dakika chache, mara moja, na pigo likishapotea halina kipindi cha pili.

Kuna pia jambo la ngoma zenyewe. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, iliyoingizwa 2014 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, ni ngoma ya kutembea, watu wamekuzunguka, wanakusukuma kwa kelele zao. Ukiisimamisha katikati ya nyasi, watazamaji mita hamsini nyuma ya waya, umeipa mtihani ambao haikuzaliwa nao. Anayeweza kuufaulu ni aliyewahi kuujaribu, na viwanja vya kujaribia hujengwa makao makuu. Mtoto wa Nabuyoga hukutana na jukwaa la zege kwa mara ya kwanza akiwa amevaa namba ya mashindano.

Haitugharimu kitu kubadilisha mpangilio. Wa mbali zaidi wafike jana yake, walale darasani, wapewe jukwaa kwanza, na sehemu ya kuwashia moto itengwe mapema. Jukwaa lifungwe kwa wenyeji tangu wiki ya mashindano inapoanza, kisha wapewe dakika zao mwisho, kama zitakuwa zimebaki. Mwenyeji atalalamika. Aachwe alalamike, mashindano yakiisha jukwaa litabaki kuwa lake mwaka mzima.