Mdudu Huyu Ni Nani? Jinsi Mbawakawa Mgeni Anavyopewa Jina



Baada ya mvua, mama mmoja alifika ofisini kwetu hapa Oldonyiro akiwa na mtoto wake. Jicho la mtoto lilikuwa limevimba, na shingoni alikuwa na alama ndefu nyekundu kama aliyeunguzwa na maji ya moto. Mama alitoa wadudu wanne katika kipande cha karatasi. Akasema, "Bwana Karani, hawa ndio waliomuuma. Nimekwisha nyunyiza dawa ya kupe nyumba nzima, hata kitandani."

Tulimwomba ampeleke mtoto kwenye zahanati mara moja, na matandiko yote yafuliwe, kwa maana dawa ya kupe ni sumu kwa binadamu. Kisha tukawatazama wale wadudu vizuri. Wanne hao walifanana sana, lakini mmoja tu ndiye aliyekuwa na hatia. Wale watatu walikuwa jamaa zake wasio na kosa.

Wote ni mbawakawa wa mbawa fupi. Magamba yanayofunika mbawa zao ni mafupi kama kizibao, hata tumbo refu hubaki wazi nyuma. Wengi wao huinua tumbo juu kama nge wanaposumbuliwa, lakini hawana mwiba. Wataalamu wamekwisha andika zaidi ya aina 60,000 za jamaa hii duniani, na kila mwaka aina mpya huongezwa.

Yule mwenye hatia ndiye aitwaye "inzi wa Nairobi". Si inzi, wala haumi. Katika Kenya jina hilo hutumiwa kwa aina mbili: Paederus sabaeus, aliyeandikwa na Erichson mwaka wa 1840, na Paederus eximius, aliyeandikwa na Reiche mwaka wa 1850. Urefu wake haufiki sana zaidi ya sentimita moja. Kichwa ni cheusi, kifua ni chekundu, magamba ni ya buluu, na tumbo ni jekundu lenye ncha nyeusi. Ndani ya mwili wake mna sumu iitwayo pederini, ambayo hutengenezwa na bakteria waishio ndani ya mdudu jike. Ukimponda juu ya ngozi, sumu humwagika, na baada ya siku moja au mbili malengelenge hutokea. Ukijifikicha jicho kwa mkono huohuo, jicho nalo huvimba. Mvua nyingi humzidisha; baada ya mvua kubwa za El Niño za mwaka wa 1997 na 1998 alionekana kwa wingi Kenya.

Jamaa zake wengine ni wasaidizi wetu. Wako wanaoishi katika samadi ya ng'ombe, ambamo hula mayai na funza wa inzi. Wako pia wanaowinda wadudu wadogo mashambani. Mkulima anayenyunyiza sumu juu ya kila mdudu mweusi huwaua askari wake pamoja na mwizi.

Sasa utauliza: mtaalamu hujuaje kwamba mdudu ni wa aina mpya, ambaye hajaandikwa bado?

Kwanza, hamtazami kwa rangi tu. Humweka chini ya darubini, akapima kichwa, kifua na magamba, akahesabu vipande vya miguu na vya vipapasio. Mara nyingi hulazimika kumpasua dume na kutazama kiungo chake cha uzazi, kwa sababu aina mbili zinazofanana kwa nje huweza kutofautiana hapo.

Pili, humlinganisha na wadudu waliohifadhiwa katika majumba ya makumbusho, kama yale ya Nairobi, London na Berlin, na husoma maandiko ya zamani. Kazi hii huchukua muda mrefu, maana huenda mdudu alipewa jina miaka 150 iliyopita.

Tatu, akihakikisha ni mgeni, humpa jina la maneno mawili, huandika sura yake na tofauti zake, na kulichapisha andiko hilo ili wote walisome. Mdudu mmoja huchaguliwa kuwa shahidi wa jina hilo, naye hutunzwa milele. Akitokea mbishani, shahidi huyo ndiye atakayeamua.

Mfano mmoja utatufundisha. Mwaka wa 1832 Charles Darwin alikamata mbawakawa wa jamaa hii huko Bahía Blanca, Argentina. Mdudu huyo alikaa London karibu miaka 180 bila jina. Mwaka wa 2014 mtaalamu Stylianos Chatzimanolis alimwandika kuwa aina mpya, akamwita Darwinilus sedarisi. Kama habari za mahali na mwaka zingalipotea, mdudu huyo angalikuwa maiti asiye na kwao.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ninyi mlioko kwenye skimu na sisi wa huku kwenye mifugo tunaweza kusaidia. Ukimwona mdudu usiyemjua, usimshike kwa mkono mtupu. Mwongoze kwa karatasi aingie katika chupa yenye spiriti kidogo. Andika kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka: mahali, tarehe, alikopatikana (samadi, mahindi, au taa ya nyumbani), na jina lako. Tia karatasi hiyo ndani ya chupa, uipeleke kwa Bwana Shamba wako. Mdudu asiye na karatasi hana faida kubwa kwa mtaalamu.

Na inzi wa Nairobi akitua juu yako, usimpige. Mpulize aondoke, au mwache apande karatasi. Osha mahali hapo kwa maji na sabuni upesi, na usijiguse machoni. Usiku punguza taa, tumia chandarua, na ukague kitanda kabla ya kulala. Jicho likiingiwa na sumu, nenda zahanati bila kukawia.

Yule mtoto alipona. Mama yake alirudi ofisini na chupa, na ndani yake mlikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa penseli.