Mpasuaji Aliyeifuata Saratani kwa Ramani

Ukoo wa Burkitt kutoka Ireland uliipatia Afrika Mashariki madaktari wawili wa upasuaji. Roland alifanya kazi Nairobi zama za walowezi, na tiba zake kali zilimpa sifa ya daktari ambaye ama ataponya ama ataua. Denis, mtoto wa nduguye, alizaliwa Enniskillen mwaka 1911. Alipoteza jicho moja akiwa na miaka 11, jambo ambalo halikumzuia kushika kisu. Mwaka 1946 aliajiriwa na serikali ya kikoloni Uganda, akaanzia Lira kabla ya kuhamia hospitali ya Mulago, Kampala.

Huko Mulago, mwaka 1957, Dk. Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto wa miaka kama mitano aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, Burkitt alimwona mtoto mwingine mwenye uso uleule, na alipompapasa akakuta ana uvimbe tumboni pia. Alipekua majalada ya wagonjwa na kubaini kwamba uvimbe wa taya na ule wa tumbo, uliokuwa ukihesabiwa kuwa magonjwa mbalimbali, ni saratani moja. Aliieleza katika jarida la upasuaji mwaka 1958.

Kisu hakikufua dafu. Kukata taya kulimharibu mtoto sura bila kumwokoa. Burkitt akageukia swali ambalo wapasuaji huliuliza kwa nadra: ugonjwa huu unapatikana wapi? Alituma picha na maswali kwa hospitali za Afrika nzima, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliendesha gari kuukuu kwa wiki 10, kilomita zipatazo 16,000, hadi Afrika Kusini na kurudi. Ramani ilionyesha ugonjwa ukikwepa nyanda za juu zenye baridi na kushamiri penye joto na mvua, yaani penye malaria.

Mwaka huohuo mtafiti Anthony Epstein alimsikia Burkitt akihutubia London, akaomba vipande vya uvimbe visafirishwe kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kirusi walichokiona humo, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966 na kufariki 1993. Dawa alizozijaribu Mulago ziliyeyusha uvimbe kwa siku chache, na mojawapo, cyclophosphamide, ingali ikitumika.