Majitu ya Reli Nyembamba

Jitu laweza kupita katika njia nyembamba bila kuivunja? Sikieni habari ya mashine za mvuke zilizovuta magari ya moshi kati ya Mombasa na Nairobi.

Reli ile ilifika Nairobi mwaka 1899. Upana wake, kati ya chuma na chuma, ni meta moja tu. Yaanza pwani, yapinda mara nyingi, na kupanda hadi kimo cha meta zaidi ya 1,600. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, shehena zilizidi kurundikana bandarini Mombasa. Ilitakiwa mashine yenye nguvu nyingi, isiyoponda reli.

Jibu lilitoka Uingereza. Kiwanda cha Beyer, Peacock, mjini Manchester, kilitengeneza mashine 34 katika miaka ya 1955 na 1956, zikaitwa daraja la 59. Kila moja ilikuwa na urefu wa meta zaidi ya 31 na uzito wa tani zaidi ya 250. Hakuna mashine ya mvuke iliyozipita kwa ukubwa katika reli za upana wa meta moja. Zilipewa majina ya milima: Kenya, Kilimanjaro, hata Ruwenzori, ambayo ndugu zetu wa Beni huiona upande wa mashariki.

Siri yake ilikuwa nini? Mhandisi Mwingereza Herbert William Garratt ndiye aliyebuni mtindo huo, na mashine za kwanza zilitengenezwa mwaka 1909. Katika mashine ya kawaida, tangi la kuchemshia maji hukaa juu ya magurudumu, nayo huzuia ukubwa wake. Garratt alilitundika katikati ya mitambo miwili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Kwa kuwa hapakuwa na gurudumu chini yake, tangi liliweza kunenepa: katika daraja la 59 kipenyo chake kilizidi meta mbili, yaani mara mbili ya upana wa reli! Katika kona, kila mtambo uligeuka peke yake.

Uzito nao uligawanywa juu ya magurudumu 28. Kati ya hayo, 16 yalisukumwa na mvuke. Hivyo mashine moja iliweza kupandisha mlimani mzigo wa tani 1,200.

Lakini chuma hakijiongozi. Dereva alitazama njia na ishara. Mwenzake alitunza moto wa mafuta na kimo cha maji. Moshi mweusi mno ulionyesha kuwa mafuta yanapotea bure. Maji yakipungua kupita kiasi, tangi lingeweza kupasuka na kuua. Mmoja akizembea, wote wawili walikuwa hatarini.

Baadaye mashine za dizeli zilichukua kazi yao, na kufikia mwaka 1980 majitu hayo yalikuwa yamestaafu. Mawili, Mount Gelai na Mount Shengena, yamehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi.

Jamaa nyingi leo zina mzigo mzito na njia nyembamba: ada za shule, ugonjwa, wazee wa kutunza. Ukiwekwa wote juu ya bega la mama peke yake, utamponda. Mtakatifu Paulo aliwafundisha Wagalatia kuchukuliana mizigo. Baba, mama na watoto wakigawana uzito, nyumba itapanda mlima wake.