Nyumba ya Wazee Huchaguliwa Jumamosi Jioni

Ukienda kukagua nyumba ya wazee nchini Marekani, anayekupokea kwa kawaida si muuguzi bali ni mtu wa kutafuta wateja. Atakuonyesha piano, maua, ukumbi wa mazoezi na chumba kimoja kilichotandikwa vizuri. Hana kosa, ndiyo kazi yake. Lakini piano haimgeuzi mzee kitandani saa nane za usiku.

Wazungumzaji wengi wa Kiswahili walioko huko wanazijua nyumba hizi kwa mlango wa nyuma, kwa sababu ndimo walimoanzia kazi wakiwa wasaidizi wa wauguzi, wale wanaoitwa CNA. Sasa wazazi waliowafuata watoto wao kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Bukavu wanazeeka, na baadhi yao wanaingia kwa mlango wa mbele. Wengi wetu bado tunaona aibu kumpeleka mzazi huko, na aibu hiyo ina gharama yake. Familia hukwepa mazungumzo mpaka mama anaanguka na kuvunjika nyonga, hospitali inataka kitanda chake, na nyumba inachaguliwa kwa kuwa tu ina nafasi. Anzeni kukagua mkiwa bado hamna haraka.

Ninachokagua kwanza ni idadi ya watumishi. Mara nyingi mzee hatelekezwi kwa sababu mhudumu ana roho mbaya; anatelekezwa kwa sababu wahudumu hawatoshi. Piga hesabu: msaidizi mmoja mwenye wazee 15 katika zamu ya saa 8 ana dakika 32 kwa kila mzee, na humo mzee aoge, avae, ale, apelekwe chooni, abadilishwe pampasi na ageuzwe. Utafiti wa serikali ya Marekani wa mwaka 2001 ulionyesha kuwa mkaazi wa muda mrefu anahitaji takribani saa 4.1 za uuguzi kwa siku ili asidhurike. Mwaka 2024 serikali ilitangaza kima cha chini cha saa 3.48. Wenye nyumba wakaenda mahakamani, na mwaka 2025 mahakama huko Texas ikakitengua. Kwa hiyo kuhesabu watumishi kumebaki kazi yako.

Bahati nzuri, sheria inaitaka nyumba ibandike kila siku, mahali pa wazi, idadi ya wauguzi na wasaidizi walioko zamu pamoja na idadi ya wakaazi. Nenda Jumamosi jioni wakati wa chakula, bila miadi, usome karatasi hiyo, kisha uangalie kama watu walioandikwa wapo kweli. Tazama nani analishwa na sahani ya nani imepoa mbele yake. Sikiliza kengele za kuita zinalia kwa muda gani kabla mtu hajaenda.

Tovuti ya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, inazipa nyumba hizi nyota, kuanzia moja hadi tano, tangu mwaka 2008. Zitumie, ila usiishie kwenye jumla. Nyota hutokana na mambo matatu: ukaguzi, watumishi na vipimo vya ubora. Vipimo vya ubora vinategemea kwa sehemu kubwa taarifa ambazo nyumba inajiandikia yenyewe, na mimi ndivyo ninavyoviamini kidogo zaidi. Takwimu za watumishi hutoka kwenye malipo ya mishahara, na ndani yake utaona za mwishoni mwa wiki na kasi ya wafanyakazi kuacha kazi. Ripoti ya ukaguzi nayo lazima iwekwe mahali ambapo yeyote anaweza kuisoma bila kuomba.

Mzazi akishaingia, mwili wake utakuambia zaidi ya tovuti yoyote. Vidonda vya kulalia huanza pale mfupa unapoibana ngozi dhidi ya godoro hadi damu isipite: visiginoni, juu ya makalio, nyongani, viwikoni, hata masikioni. Wahudumu wengi walifundishwa kutafuta wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane kabisa. Utaona sehemu iliyokolea weusi kuliko ngozi ya jirani yake au yenye rangi ya zambarau. Ukiigusa ni ya moto au baridi, ngumu au inabonyea, na mzee anaweza kulalamika inauma. Vua soksi, tazama visigino. Ukisubiri wekundu, utakutana na shimo.

Uliza uzito kila mwezi. Kupungua asilimia 5 kwa mwezi mmoja ni dalili kubwa: kwa mzee wa kilo 60, hizo ni kilo 3. Angalia kikombe cha maji kipo wapi. Kilicho mbali na mkono ni sawa na kisichokuwepo. Akianza ghafla kuchanganyikiwa, usikubali kuambiwa ni uzee. Huenda hana maji mwilini au ana maambukizi. Na akiwa mtu wa kusinzia mchana kutwa, taka orodha ya dawa. Dawa za magonjwa ya akili hutumiwa wakati mwingine kuwatuliza wazee wenye ugonjwa wa kusahau, ilhali tangu mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya kwamba zinaongeza hatari ya vifo kwao.

Ugonjwa huo wa kusahau unaweza pia kumrudisha mzee kwenye lugha yake ya kwanza. Bandika ukutani maneno machache kwa Kiswahili na Kiingereza: maji, choo, naumwa, baridi. Nyumba inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kutoa mkalimani bila malipo, kwa hiyo msikubali mjukuu ageuzwe mkalimani wa daktari. Kisha mtembeleeni, kwa saa zisizotabirika. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Siku ya kutia sahihi, soma polepole. Nyumba hairuhusiwi kukulazimisha wewe mtoto uwe mdhamini wa malipo kwa fedha zako, wala kuweka sharti la kukubali usuluhishi badala ya mahakama ili mzazi apokelewe.

Ukiona kasoro, anza na mkuu wa wauguzi, na uandike tarehe. Asiposikia, kila jimbo lina ombudsmani wa nyumba za wazee, anayepokea malalamiko bila malipo. Nanyi mnaofanya kazi humo, sheria ya mwaka 2010 inawabana: mkishuku uhalifu dhidi ya mkaazi, toeni taarifa kwa polisi na kwa mamlaka ya jimbo ndani ya saa 24, na ndani ya saa 2 ikiwa ameumia vibaya. Mwajiri haruhusiwi kuwafukuza kwa kufanya hivyo.